Mzee wa Ukutani

Mimi si mgomvi. Muulize yeyote niliyemfanyia kazi, atakwambia: fundi yule mpole, anacheka na kila mtu, hata ukimkanyaga yeye ndiye anayekuomba samahani. Ni kweli. Nakuomba samahani, na vumbi la kiatu chako nakufutia. Halafu nakuweka moyoni, na ukishaingia humo, ndugu yangu, hutoki.

Kuna watu wakikasirika wanarusha sahani. Nawaonea huruma, maana hasira yao inaisha kabla vipande havijazolewa sakafuni, na kesho yake wanacheka na adui kama si wao. Yangu haiishi. Naitunza, naipangusa, nikiwa peke yangu naitoa naitazama. Na nina masharti yangu mawili. La kwanza, nikikulipizia nisishikwe, kwa sababu nikishikwa niliyeadhibiwa ni mimi. La pili, lazima siku moja ujue kwamba ni mimi. Usipojua utasema umepatwa na bahati mbaya, na bahati mbaya kila mtu anapata.

Kazi yangu ni kuta. Napiga lipu, nalainisha, napaka rangi. Watu wakihamia nyumba mpya wanasifu makochi na mapazia. Ukuta wanauona siku ukiharibika tu. Hilo halinisumbui. Naujua ukuta kuliko mwenye nyumba anavyomjua mkewe, unapopumua, unapokunywa maji, unapotaka kupasuka. Bosi mmoja aliwahi kuniita punda wa chokaa mbele ya mafundi wenzangu. Nilimpakia sebule rangi ya mafuta juu ya chokaa mbichi, huku namwita mheshimiwa. Mwanzoni ilipendeza, acha bwana! Halafu ikaanza kubanduka, vipande vinawadondokea wageni kwenye chai. Alipokuja kunilalamikia nilimwambia kwa upole, "Punda atajuaje rangi, mheshimiwa?" Akanitazama, akaelewa, na angenishtaki kwa lipi? Roho yangu ilisuuzika.

Lakini huyo alikuwa mtu baki. Aliyeniumiza hasa ni kaka yangu, wa tumbo moja.

Kaka alikuwa karani wa mahakama. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kuita watu wa kesi, na ile sauti akaja nayo mpaka nyumbani. Akitaka sukari, mtaa mzima unajua chai yake haijakolea. Viatu vinang'aa, suruali ina mstari wa pasi unaoweza kukukata kidole, na kila akifungua mdomo anaanza na "kwanza kabisa". Kilichomshinda ni kifua tu. Tangu utotoni akipigwa na baridi kidogo anaanza kukoroma kama mlango wenye kutu, na mama alikuwa akimvalisha masweta mawili jua likiwaka.

Mimi nilikuwa kitindamimba. Mzee, baba yetu, alinipenda, sifichi. Yeye alikuwa mwashi, na ndiye aliyenipa mwiko wa kwanza mkononi, akanisimamisha mbele ya ukuta na kuniambia, "Haya, uharibu." Akimaliza kazi alikuwa na mkao wake mmoja. Anakaa upande upande kwenye kigoda, mgongo ukutani, shavu kalilaza kwenye kiganja, macho yako mbali. Ukimsemesha anakuitikia bila kugeuka. Nilikuwa nakaa chini karibu na mguu wake, na wala hatuongei, na nilikuwa naona hapo ndipo nyumbani.

Alipougua alilazwa kwa kaka, chumba cha nyuma kinachotazama uani. Mimi nilikuwa kazini mbali, napaka shule, na habari zikanifikia zimeshachelewa. Niliacha ndoo wazi na brashi ndani yake, jambo ambalo fundi halifanyi labda nyumba inaungua, nikakimbia. Nilifika na ovaroli yangu, harufu ya thina ya rangi mpaka kwenye nywele. Uani pamejaa ndugu na majirani. Kaka kasimama mlangoni mwa kile chumba, kaujaza mlango wote.

"Kwanza kabisa," akasema, kwa sauti ile ile ya kuita kesi, "unanuka. Mtu anapigania pumzi, wewe unamletea thina? Nenda kaoge. Ukishakuwa mtu, rudi."

Watu wakatazama chini. Wengine wakacheka, kile kicheko cha kuziba mdomo na kiganja. Shangazi, dada yake mzee, akasema, "Jamani, mwacheni mtoto amwone baba yake." Kaka hakumtazama hata. "Nimesema akaoge," akarudia, na akanisukuma begani, mimi mtu mzima na ndevu zangu.

Nikaenda. Ningeweza kumpiga kikumbo, nilikuwa na nguvu kumzidi, lakini mbele ya watu wale wote nilijisikia mdogo, nikaenda. Nilioga kwa jirani, haraka haraka, sabuni machoni. Kabla sijajimwagia maji ya mwisho nikasikia wanawake wanaangua kilio. Mzee alinitoka nikiwa na povu kichwani.

Mazikoni kaka alinishika bega. "Jikaze, mdogo wangu," akasema. Nikajikaza. Nikamwambia, "Asante, Kaka. Umehangaika sana na mzee." Na tangu siku hiyo nikawa ndugu mwema kupita kiasi. Mtoto wake akiumwa, mimi ndiye wa kwanza kufika. Akipata mgeni, namsifia mbele ya mgeni. Mvua ikinyesha nampelekea dawa ya kifua. Shemeji, mkewe, alikuwa akiniambia, "Wewe una moyo wa peke yako, shemeji." Nikawa naitikia, kwa sababu hajakosea.

Miaka ikapita. Najua kusubiri; lipu isiyosubiriwa inapasuka. Kaka akastaafu, wajukuu wakajaa sebuleni, akawa hana pa kusomea gazeti lake kwa utulivu. Siku moja akaniita.

"Bwana mdogo, kile chumba cha nyuma nataka nikifufue. Kimekuwa stoo tangu mzee aondoke. Nataka kiti changu, redio yangu, mlango wangu."

Nikatabasamu. "Umechelewa tu, Kaka," nikamwambia. "Mtu wa hadhi yako anasomaje gazeti katikati ya nepi? Niachie mimi. Nitakufanyia ukuta ambao hujawahi kuuona."

Sasa nikueleze kidogo mambo yetu. Fundi anaogopa chumvi kuliko moto. Mchanga wa chumvi ukiingia kwenye lipu, ukuta huo hauponi. Jua likiwaka huoni kitu, mkavu, unapendeza. Ukija unyevu, chumvi inauita kutoka hewani. Ukuta unatoka jasho, rangi inavimba, doa linajitokeza. Unakwangua na kupaka upya, nalo linarudi pale pale. Ndiyo maana fundi mwenye akili anauonja mchanga kwa ulimi kabla hajauchanganya, na watu wakituona wanatucheka, eti mafundi wanakula udongo.

Mimi nilikuja na chumvi ya mawe ndani ya mfuko wa simenti. Nilimwomba kaka asikanyage mle mpaka nimalize, kwamba vumbi litamharibia kifua. Akamwambia mkewe, "Unaona anavyonijali?" Nikafunga mlango. Nikachanganya lipu mbili, moja safi, moja ya chumvi, na kwa ile ya chumvi nikamjenga mzee. Kichwa, shingo, bega lililoinama, mkono, shavu juu ya kiganja. Sikuchora kwanza. Mkono wenyewe ulikuwa unamjua. Na nikwambie jambo la ajabu: muda ule wote sikuwa na hasira hata chembe. Nilikuwa napiga mluzi. Nilipomaliza nilijaza pande zote kwa lipu safi, nikapitisha koti jembamba la lipu juu yake, nikapaka rangi ya maziwa. Ukawa ukuta tu kama ukuta mwingine.

Kaka akaingia, akaupapasa kwa mkono wazi. "Wewe ni fundi, bwana mdogo. Mzee angejivunia."

"Atajivunia tu, Kaka," nikamjibu.

Mvua za kwanza zilikuja taratibu, za manyunyu, zile zinazoingia mpaka kwenye shuka. Haikupita muda nikaitwa. Nilimkuta kaka kasimama uani, hataki kuingia chumbani, viatu vyake havijapigwa rangi. Sijawahi kumwona na kiatu kichafu tangu nizaliwe.

"Hebu angalia ule ukuta," akasema.

Niliingia peke yangu. Mzee alikuwa pale. Kusema kweli alitoka vizuri kuliko nilivyotegemea: rangi ya majivu, kingo zimelainika, bega limeinama vile vile, na pale kwenye jicho rangi ilikuwa imevimba kidogo kama kope. Nilisimama nikamtazama kwa furaha ya fundi. Halafu nikauvaa uso wangu wa mashaka nikatoka.

"Unyevu, Kaka. Nitaukwangua."

"Unyevu tu? Huoni mtu?"

"Mtu gani?" nikamuuliza, na nikamtazama kwa ile huruma unayomtazama nayo mwenzio aliyeanza kuchanganyikiwa. Ile midomo iliyozoea kuita watu mlangoni ilikuwa inatafuta neno.

Nikakwangua, nikapaka. Mzee akarudi. Nikakwangua tena, na tena, kila mara kwa bidii, jasho likinitoka, na kila mara nikiondoka nilijua namwacha ndani. Kaka akaanza kukonda. Akawa anakula amegeuza kiti asiuone mlango wa kile chumba. Shangazi akaletwa aone, maana yeye ndiye aliyebaki wa rika la mzee. Alifika mlangoni, akatoa macho, akakaa chini sakafuni bila kuchagua pa kukaa.

"Kaka yangu huyo," akasema. "Mmemfanya nini hata ameshindwa kulala?"

Kaka aliposikia hivyo aliinamisha kichwa mbele yetu sote. Nilitamani pale pale nimwambie. Sharti langu la pili lilikuwa linanikalia kooni: mtu hajalipa mpaka ajue anamlipa nani. Lakini nikajizuia. Nikasema acha kwanza aive, acha siku moja anishike mkono mwenyewe na kuniuliza afanye nini, ndipo nimnong'oneze maneno machache tu. Maneno hayo nilikuwa nimeshayaandaa, nayarudia nikiwa kazini juu ya ngazi, nacheka peke yangu mpaka wenzangu wakawa wanauliza kuna nini.

Siku moja nilipokuwa nakwangua niliona doa limeshuka chini, mahali ambapo sikuweka chumvi. Magoti. Magoti mawili, moja juu ya jingine, jinsi mzee alivyokuwa anayaweka. Nikajiambia unyevu unasambaa, ndiyo kawaida yake. Na kweli ndiyo kawaida yake, fundi yeyote atakwambia. Ila siku hiyo nilikusanya vyombo vyangu haraka, na ngazi nikaisahau.

Halafu kaka akaacha kuniita. Mvua zinanyesha, simu haiji. Nikawa mimi ndiye sina raha. Niliamka nikifikiria doa limefika wapi, napita mtaani kwao kwa makusudi, naangalia dirisha la nyuma kutoka kwenye uchochoro, naliona limefungwa. Unajua ni vibaya kiasi gani kumtesa mtu halafu usijue anateseka vipi? Hapana, hujui, na usiombe.

Aliyekuja ni shemeji. Alinikuta kazini, nikashuka kwenye ngazi.

"Shemeji, njoo umtoe mwenzio chumbani."

"Kafanya nini?"

"Kahamia. Mwanzo alikuwa anaogopa hata kupita mlangoni. Siku moja akaingia kumwomba mzee msamaha, sijui wa nini, hataki kuniambia. Akatoka anacheka. Tangu hapo analala humo humo, kakivuta kitanda mpaka ukutani. Dirisha kalipigilia misumari, eti jua linamfukuza mzee. Mvua zikikatika anaulowesha ukuta kwa kitambaa, yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Ukungu umeota mpaka kwenye mto." Hapo sauti yake ikakatika, akajikaza. "Daktari kasema mapafu yameshaingia ukungu na kile chumba kitamuua. Nikamwambia nitaubomoa. Akanijibu nibomoe na yeye. Wewe ndiye uliyeujenga, shemeji. Wewe ndiye anayekusikiliza. Mtoe, nakuomba."

Nilikuwa nimeshika brashi, rangi inanichuruzikia mkononi. Nilitaka amwogope. Sikutaka ampende. Na kifo hakikuwamo kabisa kwenye hesabu zangu, niamini au usiniamini. Mfu hawezi kujua ni nani kamlipizia.

Nilichukua nyundo na patasi, tukaenda. Mchana ulikuwa wa mawingu, mvua nyepesi isiyo na kelele. Nyumba ilikuwa kimya, wajukuu wamepelekwa kwa jirani. Nikapita ukumbini hadi mlango wa nyuma, na kabla sijagonga nikamsikia kaka anaongea. Sauti ya chini. Maisha yangu yote sikuwa nimewahi kuisikia sauti ya chini ya kaka yangu.

"Bado hajajua, Mzee," alikuwa anasema, anapumzika, anakohoa, anaendelea. "Anacheka na mimi, ananiletea dawa, lakini hajanisamehe. Namwona machoni. Niruhusu nimwambie. Uliniambia nimzuie, nikamzuia. Uliniambia akikataa nimtukane, nikamtukana mbele ya watu. Asikuone umejichafua, asikuone unalia kama mtoto, kitindamimba wako. Ulisema akinikasirikia mimi hatapata nafasi ya kukulilia wewe. Ulikuwa umenishika mkono, ningekukatalia vipi? Nilidhani akioga utakuwa umetulia kidogo, nitakufunika vizuri, nimwingize. Hukungoja, Mzee."

Nikaikumbatia nyundo kifuani isigonge mlango.

Unadhani nililia? Nilikasirika! Nilikasirika kuliko siku ile ya povu. Yaani kinyongo chote kile, nilichokilea kama mtoto, kilichoninyima usingizi, hakikuwa cha kaka. Aliyenifukuza mlangoni ni mzee. Alinifukuza kwa kunipenda, na mtu aliyekufukuza kwa kukupenda unamlipizia nini? Na huyu mwingine kaubeba mzigo miaka yote, anabeba matusi aliyonitukana kwa niaba ya mtu mwingine, anameza dawa zangu, anayaona macho yangu, na ananyamaza. Alininyima hata haki ya kumchukia.

Nikasukuma mlango. Harufu ya ukungu ilinipiga usoni. Kaka alikuwa kwenye kitanda, kaegemea ukuta, amebaki mifupa na macho, na juu ya bega lake mzee, mkubwa kuliko nilivyomjenga, shavu kwenye kiganja.

"Umesikia," akasema kaka. Akatabasamu. "Vizuri. Kakuleta mwenyewe. Kaa."

"Kaka, toka humu. Hakuna mzee hapa. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Nilitia chumvi kwenye lipu." Yale maneno niliyoyaandaa juu ya ngazi, niliyoyapiga msasa yakang'aa, yalitoka kama ya mtu anayeomba. "Nilikuchukia. Nilimjenga kwa mwiko, kichwa, bega, mkono, ili akutese. Ni chumvi tu, Kaka, chumvi ya dukani. Kama huniamini, onja."

Kaka akajigeuza kwa taabu, akapitisha kidole kwenye shavu la mzee, pale kwenye unyevu mwingi, akakiweka ulimini. Akafumba macho. Nikangoja.

"Kweli ni chumvi," akasema.

"Umeona?"

"Kwani machozi yana nini, bwana mdogo? Sukari?"

Yeye akawa anacheka, kicheko kinageuka kikohozi, kikohozi kinageuka kicheko. "Wivu huo," akasema alipopata pumzi. "Tangu utotoni ulitaka awe wako peke yako, unakaa mguuni pake hatupati nafasi. Sasa amekuja kukaa kwangu, unasema umemjenga wewe."

"Nimemjenga mimi!" nikapiga kelele. Naapa ile sauti ya kuita kesi ilinitoka mimi siku hiyo, mpaka shemeji akaja mbio. "Nimemjenga mimi, kwa mikono hii! Muulize mkeo kama niliwahi kumruhusu mtu aingie nikifanya kazi! Nitaubomoa sasa hivi uone kilichomo!"

"Bomoa," kaka akasema, wala hakunyanyuka. "Sikuzuii tena kwa mzee. Ila mwambie mwenyewe unachotaka kumfanya."

Shemeji akasema, "Piga, shemeji, piga tu!" Nikaweka patasi chini ya shingo, mahali ambapo nilijua lipu ni nene. Nikainua nyundo. Najua kubomoa. Nimebomoa kuta za watu huku nakula muhogo. Lakini nilikosea nikamtazama usoni, na alikuwa vile vile, macho yako mbali, anangoja nimsemeshe aniitikie bila kugeuka. Nikafungua mdomo nimwambie, "Mzee, sogea." Maneno mawili. Hayakutoka. Kitu nilichokikanda mwenyewe kwenye karai, najua kina ndoo ngapi za mchanga, kikanifunga ulimi. Patasi ikanidondoka, nikatoka nje kwenye mvua. Nyuma yangu nilimsikia kaka anasema kwa upole kabisa, "Mwache, Mzee. Atarudi."

Sikurudi. Nilikaa nyumbani nimejifungia, nikisema kesho, nikisema mvua zikikatika, nikisema daktari atamshawishi. Mvua hazikukatika kabla yake. Shemeji alimkuta asubuhi na chai mkononi, kaegemea ukuta, shati limeloa mgongoni. Aliniambia uso wake ulikuwa mtulivu. Nilimwuliza mara mbili, akaniambia, "Mtulivu, shemeji. Kama mtu aliyekaa na watu wake."

Msibani watu walinipa pole kuliko walivyompa mjane. Ndugu mwema yule, walisema, alimtengenezea mpaka chumba. Nilitaka kuwaambia. Nilimwambia shangazi, hakuna mwingine. Akanishika mkono, akanitikisia kichwa taratibu. "Uchungu huo, mwanangu," akasema. "Unatafuta kosa lako. Wote tunatafuta."

Arobaini ilipopita, shemeji aliniita nikitengeneze kile chumba. Hakuwa na habari ya kumwita fundi mwingine, na mimi nisingemruhusu. Nilibomoa lipu yote mpaka kwenye matofali, nikabomoa na matofali yaliyokunywa chumvi nikayatupa mbali, nikajenga upya. Mchanga niliutoa mtoni, nikauonja ndoo kwa ndoo mpaka ulimi ukachubuka. Nilipiga lipu kama mtu anayefanya mtihani. Nikang'oa misumari dirishani, jua likaingia mpaka kwenye kona. Kwa ufundi, ule ni ukuta wangu bora kuliko kuta zote nilizowahi kuzisimamisha, na nimesimamisha nyingi.

Sasa mvua zimerudi. Naenda kule kila siku. Shemeji anadhani nakuja kumjulia hali, namjulia, halafu naenda chumba cha nyuma, navuta kiti, nakaa. Nautazama ukuta. Manyunyu yale yale, yanayoingia mpaka kwenye shuka. Naupapasa. Mkavu. Najua hakuna njia, nimeujenga mwenyewe, najua kila kiganja cha mchanga kilichomo. Bado nakaa. Nimemwambia mzee nilichotakiwa kumwambia siku ile, na mengine niliyokuwa nayo tangu zamani, kwa sauti, mlango nimefunga. Hajaitikia. Chumvi ipo, dukani imejaa, na mkono bado unamjua. Lakini nikimweka mimi nitajua ni mimi, na kaka peke yake ndiye aliyeweza kuambiwa na bado asijue.

Jana shemeji alifungua mlango akanikuta nimekaa. Akasimama nyuma yangu, akautazama ukuta pamoja nami, na nikaona amefurahi, ile furaha ndogo ya mtu aliyechoka.

"Kazi nzuri, shemeji," akasema. "Mvua zote hizi, na hauna hata doa."

Nikamwambia asante.